Ng'ombe Aliyebaki Kambani

Nyarugusu,
Geita.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mariana,

Marahaba. Najua hujafungua bahasha hii bila kuniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa tusipotezeane muda. Hamjambo hapo Newala? Noela anaendeleaje na masomo? Lile goti lako limepona, au bado unazipanda ngazi za shule moja moja ukiguna? Sisi huku ni mhola, wazima wote. Mvua inanyesha kwa kuruka siku, mahindi yamesimama vizuri, mbu wamezidi, na kikohozi changu cha vumbi kimepungua tangu nianze maji ya tangawizi.

Mume wako Maduhu ni mzima. Naliandika hilo mapema ili usisome mistari ya chini kwa haraka ukilitafuta. Anakula, analala, anacheka, na jana alifua nguo zake mwenyewe. Kuna jambo lililotaka kumpata Jumanne ya tarehe 18 Februari, na kosa lilikuwa langu. Nitalieleza lote humu humu. Ila ili ulielewe ni lazima nianze na lile uliloniuliza kwenye simu, kwa sababu mambo hayo mawili yamefungana.

Uliniuliza nafanyaje hata sisahau. Ukaniomba niandike, nisiseme, kwa kuwa maneno ya simu yanakutoka ukishaikata tu. Nilicheka kidogo pale, unisamehe. Baadaye nilipofikiri nikaona umeomba vizuri.

Umesema umeacha maharage yakaungua mara mbili ndani ya wiki moja. Umeingia darasani ukasimama mbele ya watoto bila kukumbuka ulichokuja kufundisha. Funguo za kabati la shule zimekutwa kwenye debe la unga. Halafu ukasema kwa sauti ya chini kwamba mama naye alianza hivyo hivyo. Hilo la mama ndilo linalokutisha, si maharage.

Mimi si daktari. Siku ukipotea njia ya kwenda shule uliyoipita miaka tisa, nenda hospitali wala usiniandikie mimi. Lakini mtu anayeweka funguo huku anajibu simu, anamkaripia mtoto na kukoroga uji, huyo hajasahau funguo zilipo. Hakuwahi kujua alipoziweka. Kitu ambacho hakikuingia kichwani hakiwezi kutoka.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kulitamka. Ukifunga mlango sema kwa sauti: nimefunga mlango, leo ni Jumatatu, nimevaa gauni la kijani. Mchana moyo ukianza kukudunda kwamba umeacha wazi, utaikumbuka sauti yako mwenyewe. Majirani watasema mwalimu ameanza kuongea peke yake, lakini hao watapata jambo jingine la kusema kabla ya wiki kwisha.

La pili ni msumari. Funguo ziwe na msumari mmoja, na zisilale mahali pengine hata siku moja, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na mgeni mlangoni. Maduhu ananiambia nyumba yenu ina misumari minne ya funguo, na funguo haziko hata kwenye mmoja. Ing'oe mitatu.

Majina ya wanafunzi ni kazi nyingine. Unasema unasoma orodha yao kila asubuhi na bado unamwita huyu kwa jina la yule. Kuisoma orodha mara kumi hakusaidii kama kuifunika na kujiuliza mara mbili. Jiulize jina mtoto akiwa bado mbele yako, jiulize tena wakati wa chai, jiulize kesho yake, halafu iache ipite wiki nzima ndipo ujiulize. Jina hukaa kwa kuitwa tena pale linapoanza kukuponyoka. Na usimwache mtoto na jina tupu. Fanya kama tunavyofanya kwetu mtu akitutembelea: muulize ni mtoto wa nani, ametoka upande gani, kwao wanalima nini. Jina lenye nyumba na shamba halipotei ovyo.

Kingine ni usingizi. Acha kusahihisha madaftari mpaka macho yanavimba. Ninyi walimu mnajidai sana kwa hilo, lakini mchana ndio mnatafuta chaki iliyo mkononi.

Sasa nije kwenye ng'ombe.

Unakumbuka baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe zake kwa kidole. Aliona kuwahesabu ni kuwaita wafe. Jioni alisimama tu kwenye lango la zizi akiwatazama wanavyoingia, mikono nyuma, na wa mwisho akishapita alijua kama yupo aliyebaki porini na ni yupi. Wewe ulikuwa jikoni na mama muda huo, lakini mimi nilisimama naye jioni nyingi, nikajifunza. Ng'ombe wana mpangilio wao wa kutembea. Alitangulia yule wa pembe moja. Akafuata mweusi mwenye paji jeupe, kisha mama wa mapacha, kisha yule mwekundu aliyekuwa anachechemea, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Nikifumba macho hata sasa nawaona, na vumbi lao naliona.

Basi nikiwa na mambo ya kukumbuka huwa nawapa wao wabebe. Nikitumwa dukani, chumvi naitundika kwenye ile pembe moja. Sabuni naibandika kwenye paji jeupe. Mafuta ya taa wanagombania wale mapacha, na ninaona kabisa yanavyomwagika. Kadiri picha inavyokuwa ya kipuuzi ndivyo inavyokaa. Nikifika dukani nawaita ng'ombe watoke mmoja mmoja, na kila mmoja anakuja na mzigo wake. Wewe si lazima utumie ng'ombe. Tumia njia yako ya kutoka nyumbani mpaka shuleni: bomba la maji, kibanda cha fundi cherehani, mkorosho wa njia panda. Kila mahali weka jambo moja. Njia unayoijua kwa miguu huhitaji kuikariri upya.

Kwa miaka sita sasa nimewatumia ng'ombe hao kwenye kazi yangu hapa, na hapo ndipo penye habari ya mume wako.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, usimamizi, lakini hujawahi kuiona. Nakaa mdomoni mwa duara, yaani shimo letu la kuchimba mwamba. Watu wanashushwa kwa winchi asubuhi, na mchana wanapanda kula. Wakishapanda wote, fundi baruti, anaitwa Bujiku, analipua mwamba uliotobolewa, tunangoja moshi utoke, ndipo wanarudi kubeba mawe. Kabla ya kulipua, Bujiku huniuliza swali moja tu, kama wote wametoka. Mimi ndiye wa kujibu. Nikijibu vibaya, mtu amekufa.

Mwaka juzi mwenye duara alileta vibati vyenye namba. Kila anayeshuka achukue chake kwenye ubao, akipanda akirudishe. Nilivikataa. Nilimwambia mimi nawajua watu wangu kwa sura, si kwa vibati, na kwamba kwetu vitu hai havihesabiwi. Aliniheshimu kwa umri wangu, akaviweka stoo. Nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo.

Njia yangu ilikuwa hivi. Wachimbaji wanane, ng'ombe wanane. Anayeshuka nampandisha kwenye ng'ombe wake, anatoka zizini kwenda malishoni. Akipanda juu, naona ng'ombe wake akiingia langoni. Miaka sita haijawahi kunidanganya, na Nyarugusu nzima wanajua kwamba mimi, Baba Fredy, sina daftari. Nilipenda kusikia wakisema hivyo.

Maduhu tangu aje Septemba kutafuta hela ya mabati ya nyumba yenu, kazi yake imekuwa juu, kwenye winchi. Sikutaka ashuke. Lakini Jumanne ile Marcel, mmoja wa wale wanane, aliamka na malaria, na Maduhu akaniomba ashuke badala yake. Nikakubali, winchi nikaishika mwenyewe. Unaona hapo: kazi mbili kwa wakati mmoja, mimi ninayekufundisha wewe ufanye moja.

Nikatafuta ng'ombe wa kumpa. Wa Marcel ni wa Marcel hata akiwa kitandani, sikutaka kuwachanganya. Ndipo nikamkumbuka ng'ombe wa Maduhu mwenyewe. Yule wa kahawia mwenye tumbo jeupe, aliyekuja na mahari yako kutoka kwao Ushirombo. Nikaona nimepata picha bora kuliko zote, shemeji juu ya ng'ombe wa mahari yake. Nilicheka peke yangu nikizungusha winchi.

Sasa kumbuka tabia ya ng'ombe yule. Hakuzoea kwetu. Alitoroka mara mbili akakamatwa njiani akielekea magharibi, kama anayerudi Ushirombo, na baba akamfunga kamba kwenye kigingi kando ya ghala. Wenzake walikwenda malishoni, yeye akakatiwa majani. Jioni wenzake walipoingia langoni yeye hakuwemo, na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu kila mtu alijua yuko kambani. Mwaka huo huo wewe ukaenda kwako, nami nikaondoka kuja machimboni, na hivyo ndivyo alivyobaki kichwani mwangu.

Saa nane mchana watu walipanda. Maduhu alikuwa kwenye tawi la pembeni la shimo akipanga mawe kwenye viroba, na wenzake walidhani ametangulia, kwa kuwa wamemzoea juu. Waliokuwa juu nao hawakushtuka kutomwona, kila mtu alimdhania yuko mahali fulani. Wakala. Bujiku akamaliza kula mapema, akanawa, akazishika zile nyaya mbili anazozigusisha kwenye betri, akaniuliza kama wote wametoka.

Nikafumba macho. Nikaona pembe moja anaingia, paji jeupe anaingia, mama wa mapacha, mwekundu anayechechemea. Wote wakapita. Hakuna pengo hata moja. Lango likafungwa. Nikafumbua macho nikamjibu kwamba wote wametoka.

Anayetupikia ni mama mmoja anaitwa Rebeka. Rebeka hakumbuki chochote wala hajawahi kujidai kwamba anakumbuka. Asubuhi anauliza walioshuka ni akina nani, anapanga bakuli la kila mmoja kwenye benchi, na kila anayemaliza kula ni lazima aligeuze bakuli lake chini juu. Asiyegeuza husemwa mpaka ageuze. Sisi tulimtania miaka yote kwa sheria yake hiyo. Pale nilipomjibu Bujiku, Rebeka alikuwa anakusanya vyombo. Akasimama, akasema bila haraka yoyote:

"Baba Fredy, bakuli la shemeji yako bado linatazama juu."

Nikamwambia Bujiku, "Weka nyaya chini."

Akaziweka. Aliziachanisha, moja huku na moja kule, akaenda kukaa mbali nazo. Nikateremsha ndoo ya winchi, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, na baada ya muda kamba ikatikiswa kutoka chini. Nilimvuta mwenyewe. Alipotokeza kichwa, tochi bado inawaka, alitukuta wote tumesimama tukimtazama, akauliza, "Mbona mmekaa kimsiba?" Akaenda kunawa mikono.

Niliogopa, Mariana. Naliandika hivyo hivyo bila kulipamba. Nimeona mengi katika kazi hii na sijawahi kuogopa kama pale alipokuwa anakula ugali mbele yangu. Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa chini.

Jioni ileile nilimweleza shemeji kila kitu, pamoja na ng'ombe. Akaniomba jambo moja. Akasema, "Shemeji, Mariana asijue. Akijua ataniita nirudi." Nikamkubalia. Mwenye duara nilimweleza, yeye sikumficha, na watu wa duara waliona wenyewe. Aliyebaki hajui ni wewe, na kwa siku kadhaa nikaona inawezekana kuishi hivyo.

Kisha ukapiga simu ile. Ukanieleza maharage na funguo, na kabla ya kukata ukasema una amani kwa kuwa mume wako yuko mikononi mwa mtu asiyesahau. Maneno hayo sikuhitaji ng'ombe wa kuyabeba. Nikamwambia Maduhu siwezi tena kuishika ahadi yake, na kwamba naandika.

Vibati viko ukutani sasa. Nilivitoa stoo mwenyewe Jumatano yake asubuhi, nikagonga misumari, na mimi ndiye mkali kuliko wote juu yavyo. Ng'ombe bado nawatazama nikifumba macho, hiyo ni tabia na siwezi kuiacha, lakini jibu la Bujiku halitoki tena kichwani mwangu. Linatoka ubaoni. Na wewe ufanye hivyo hivyo. Kichwa kipe vitu vya dukani na majina ya watoto. Kitu ambacho ukikisahau mtu ataumia, kitundike mahali ambapo hata asiye na kumbukumbu atakiona. Chungu kikiwa motoni, vaa kitambaa mkononi na usikivue mpaka umezima moto.

Limebaki moja. Jumapili iliyopita nilikwenda Shinyanga kumwona mama, pale Kambarage kwa kaka yetu Kalisti. Mama amepungua mwili lakini anakula. Aliniita kwa jina la baba mara tatu, na akamdhania Kalisti kuwa mtu wa kuleta maji. Nisingependa kukuficha, ndivyo alivyo. Tulikaa nje wawili tu, na kwa kuwa sikuwa na la kuongea, nikamuuliza kama anamkumbuka yule ng'ombe wa kahawia mwenye tumbo jeupe.

Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kitoto. Akasema, "Yule alifunguliwa. Alizaa, baba yako akamfungua, hakukimbia tena. Wewe ulikuwa umeshaondoka." Akaendelea kunieleza, bila kukwama hata mara moja, kwamba ng'ombe yule alikuwa mtulivu kuliko wote, na jioni alikuwa wa mwisho kuingia, anawangoja wenzake wapite. Baba hakufunga lango mpaka apite yeye.

Kwa hiyo miaka kumi na minane tangu nitoke nyumbani nilimwacha kambani ng'ombe aliyekuwa huru, na sikujua, kwa kuwa niliamini ninakumbuka. Aliyenisahihisha ni mama, ambaye hakulijua jina langu. Nakuandikia hili kwa ajili ya ile hofu yako. Sijui litakusaidia kiasi gani, lakini ndilo nililoliona.

Maduhu atakuja kwako Pasaka. Ukisema asirudi huku, sitamtetea wala kumshawishi, nitamfungia mfuko wake na kuupeleka stendi. Ukisema arudi, atabaki juu kwenye winchi, na kibati chake kitakuwa cha kwanza ubaoni. Na ukitaka kunisema, nipigie, nitasikiliza mpaka umalize. Nisamehe, mdogo wangu. Ulinikabidhi mtu nami nikamfungia lango akiwa nje.

Msalimie Noela, mwambie mjomba anataka kuona ripoti yake. Wasalimie walimu wenzako, na yule mama jirani anayekusaidia maji. Kalisti na mkewe wanakusalimu, na mama pia, ambaye alikutaja kwa jina lako sawasawa. Rebeka nimemweleza kuwa nakuandikia, akasema hajambo. Nami nakuomba siku ukipata nafasi umshukuru, umwambie wabeja wewe mwenyewe.

Mungu akulinde utokapo na urudipo, na ukirudi jioni uwakute wote wako ndani.

Ni mimi kaka yako nikupendaye sana,

Benjamini Ngusa.

N.B. Maduhu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakuikataza. Amesema tu niongeze kwamba siku ile chakula alikimaliza chote, na bakuli aliligeuza mwenyewe.